Ulingo wa shamba la mpunga kando ya ziwa: kwenye njia ya kiboko, katikati ya majaruba, au juu kwenye mwembe?

Mpunga wa Kayenze

Habari za jioni wakuu. Nina ekari mbili za mpunga huku Kayenze, Ilemela, Ziwa Victoria likiwa kaskazini yangu. Mbegu ni SARO 5. Kitalu nilisia wiki ya kwanza ya Januari, nikapandikiza mwisho wa mwezi. Sasa ni katikati ya Machi, mpunga umeshika vizuri, na usiku wa juzi kiboko kaniingilia majaruba manne. Hakula sana, ila alivunja kingo na maji yote yakatoka.

Nataka kujenga ulingo, jukwaa la kukaa juu nikilinda shamba. Nguzo za mkaratusi nilizonazo zinatosha mmoja tu, na niutumie kwa kiboko usiku na kwa kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, mchana. Sehemu ninazofikiria:

A. Ukingoni mwa matete, karibu kabisa na njia anayotokea kiboko.
B. Katikati ya majaruba.
C. Mwisho wa shamba upande wa kusini, kwenye mwinuko wenye mawe na mwembe mmoja mkubwa.

Swali la pili: nianze kukesha sasa, au nisubiri mpunga utoe masuke?

Mvuvi wa Igombe

Mkuu, A ifute leo hii. Kiboko akishtuka hakimbilii porini, anakimbilia maji. Ukiwa kati yake na ziwa wewe ndiye kizuizi, na anakimbia kama kilomita 30 kwa saa. Wewe kwenye tope la jaruba hufiki hata nusu ya mwendo huo. Nguzo nne za mkaratusi kwake ni fito tu.

Halafu angalia upepo. Sisi tunaotoka ziwani usiku tunaujua: jua likizama na nchi ikipoa, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa shamba lako, usiku upepo unatoka kusini kwenda kaskazini. Ukikaa C ukawasha moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi unapita juu ya shamba lote mpaka kwenye matete. Kiboko haoni vizuri, lakini pua yake ni kali. Anapata habari zako kabla hajatoka majini.

Kando ya Simiyu

Mimi nipo Magu, na misimu miwili nimelinda kwa mtindo wa A. Nakubali ni hatari, ila wakuu msimkatishe tamaa bila kutazama upande wa pili. Ukikaa C huko juu, upepo huohuo unaopeleka moshi ziwani unakunyima sauti. Kiboko akila mpunga anavuta kwa midomo, utasikia kama mtu anachana shuka kuukuu. Hatua ishirini unasikia vizuri. Hatua mia, upepo ukiwa mgongoni kwako, husikii kitu mpaka asubuhi unapokuta jaruba limekuwa uwanja.

Mimi nilikuwa nawasha moto palepale njia inapoingilia shamba. Akiukuta anageuka.

Mama Majaruba

Mwanangu wa Kayenze, kabla hujachimba shimo hata moja, subiri jua litoke kisha utembee ukingo wote wa shamba upande wa matete. Wewe umeandika "njia anayotokea kiboko" kana kwamba unaijua. Je, umeiona, au umeambiwa?

Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe. Ina mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba na katikati linabaki tuta la nyasi, kwa kuwa miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana sana. Unyayo una vidole vinne. Tazama na vichaka pia. Kiboko akinya hutawanya mavi kwa mkia, utayakuta yamerukia majani mpaka juu ya goti. Yakiwa mabichi, anapita hapo sasa. Yakiwa makavu na yamepauka, aliwahi kupita. Kwetu huku Misungwi, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na tena 2024, njia za zamani zilizama na wanyama wakafungua nyingine. Kuna watu walikesha mwezi mzima kwenye njia iliyokufa huku mpunga wao unaliwa upande wa pili.

Ukishaijua njia, usikae juu yake na usikae kati yake na ziwa. Kaa pembeni, upande wa nchi kavu, kama hatua 50 kutoka hapo anapoingilia. Hapo utamsikia, na yeye atapata harufu yako. Yaani si A na si C, ni kona kati ya hizo mbili. Njia ya kurudi majini iache wazi kabisa, usiku kucha.

Huo moto wa ndugu yetu wa Magu unafaa, lakini uwashwe kabla giza halijaingia na asikae mtu hapo. Kiboko akikuta moto uko mbele yake atarudi. Ukiuwasha akiwa ameshaingia shambani, umemfungia mlango, na atautafuta kwa nguvu zake zote. Akiwa na ndama, usipige hata debe. Mwache ale, mpunga unapandwa tena.

Na wewe ndugu wa Magu, misimu miwili imepita salama, namshukuru Mungu kwa ajili yako. Msimu wa tatu nakuomba sogea pembeni.

Kando ya Simiyu

Shikamoo mama. Nimekusikia. Habari ya kumfungia mlango sikuwahi kuitazama hivyo, na kweli mara moja aliwahi kunipita ubavuni akirudi, karibu kabisa. Nitasogea.

Dungu la Ifakara

Huku kwetu Kilombero tunaita dungu, ila kazi ni moja. Mtoa mada, kosa lako ni kutaka dungu moja kwa maadui wawili ambao hawafanani kwa lolote. Kiboko anakuja usiku kwa njia moja. Kwelea kwelea wanakuja mchana kutoka kila upande. Uzito wa ndege mmoja ni kama gramu 20, lakini kwa siku anakula nusu ya uzito wake, na hawaji kumi.

Kwa ndege, B haina mpinzani. Ekari mbili zikiwa za mraba ni kama mita 90 kwa 90. Ukikaa katikati, kamba za makopo yenye kokoto unazivuta mita 45 tu kila upande, na unaweza kurusha kombeo hadi mwisho wa shamba. Ukikaa C kamba inakuwa mita 90 na zaidi, inalegea, inalalia mpunga, ukivuta hakuna kinacholia.

Na dungu la ndege halihitaji nguzo za mkaratusi. Kichanja cha fito kinachokuinua kifua juu ya masuke kinatosha, weka na paa la nyasi la kukukinga jua. Nguzo zako peleka kwa kiboko.

Kuhusu lini: kwa kiboko umeshachelewa, yeye anaanza kula tangu mpunga ni mche. Anza usiku wa leo. Kwa ndege una muda. Kupandikiza ulifanya mwisho wa Januari, kwa hiyo tarajia kuchanua mwanzoni mwa Aprili. Hatari inaanza punje zinapojaa maziwa, siku chache baada ya hapo, na inaendelea mpaka zigande. Kutoka kuchanua hadi kuvuna ni kama siku 30. Saa za kuwa juu ni kuanzia jua linapochomoza mpaka saa nne, kisha saa tisa alasiri mpaka jua kuzama. Katikati ya mchana ndege wanapumzika mitini, na wewe kale.

Mswahili wa Wisconsin

Nimeuzoea mjadala huu kutoka upande mwingine kabisa. Huku ninakoishi jirani zangu wanawinda kulungu wa Marekani, wale wenye pembe za matawi, na msimu wa bunduki ni siku tisa tu mwezi Novemba. Nao wanajenga ulingo mitini na kubishana hivihivi: kwenye njia, kwenye malisho, au karibu na wanapolala? Ila wao upepo wanautaka kinyume, utoke kwa mnyama uje kwao, asinuse. Wengi wana ulingo mbili au tatu na wanachagua kwa upepo wa siku hiyo. Kitu kimoja ninachowapendea: hapandi mtu bila mkanda wa kujifunga kwenye mti, kwa sababu wanaoumia wengi ni wa kuanguka.

Mama Majaruba

Hilo la kuanguka ni kweli. Mdogo wangu alikanyaga kipandio cha ngazi kilicholiwa na mchwa ndani, kwa nje kizima. Alivunjika mkono. Vipandio vibadilishwe kila msimu, hata kama vinaonekana vizuri.

Bwana Shamba Mstaafu

Niongeze machache. Kwanza, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo A huenda haimo hata ndani ya eneo unaloruhusiwa kulima. Pima kwa hatua kabla ya kujenga.

Pili, kiboko ni mnyama wa serikali, analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mkuki, sumu na waya ni kesi. Akiharibu, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na afisa wanyamapori wa halmashauri mapema, uharibifu ukiwa bado unaonekana, kwa ajili ya kifuta jasho. Piga picha za nyayo.

Tatu, ule mwembe. Ziwa letu lina radi nyingi za usiku, na mti mmoja mrefu kwenye mwinuko ndio unaotafutwa na radi. Hata kama C ingekuwa nzuri kwa mengine yote, usilale chini ya mwembe ule mwezi wa Aprili.

Mpunga wa Kayenze

Wakuu, nimerudi. Mama, shikamoo na asante. Leo asubuhi nimetembea kama ulivyosema. Njia niliyokuwa naiita ya kiboko ni ya ng'ombe wa jirani. Ya kwake iko mashariki zaidi, hatua kama 70, ina tuta la nyasi katikati na mavi mabichi kwenye matete mpaka usawa wa paja langu. Inaingilia kwenye kona ya jaruba lile lililovunjika kwanza.

Nimepima pia kutoka majini. A yangu ilikuwa hatua 40 tu.

Nguzo nimezihamishia kusini mashariki, hatua 50 kutoka kwenye hiyo kona, mbali na mwembe. Moto wa leo nitauwasha saa kumi na mbili kasoro. Fito za kichanja cha ndege nitakata mwisho wa mwezi. Mkuu wa Ifakara, hizo kamba za makopo ni za katani au za nailoni?

Dungu la Ifakara

Nailoni. Katani ikinyeshewa inanyonya maji na kuwa nzito.