Ngome za Albania: Berat au Gjirokastër? Nnakwenda na mama na goti linamsumbua

Mtoto wa Kiponda

Assalaam alaykum jamani, nna suali kwa yoyote aliyewahi kufika Albania, na kama hujafika lakini unamjua mtu aliyefika basi niulizie.

Mdogo wangu anasoma Istanbul anamaliza mwezi wa sita inshaallah, sasa mie na mama tunakwenda kwenye mahafali yake, na kutoka pale mpaka Tirana, mji mkuu wa Albania, ndege haichukui hata saa mbili, nikasema madhali tushafika huko tuvuke siku tatu tukaone ngome moja ya juu ya kilima halafu turudi. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Ngome Kongwe naingia kila siku ya Mungu, nawasimulia Wareno walivyokuwa na kanisa pale na Waomani walivyokuja wakajenga ngome, na kila nikimaliza hakosi mgeni wa kuniuliza sasa nani anakaa humu, na jibu ni hakuna mtu, ni ukumbi wa maonyesho na maduka. Nimesoma kwamba Berat ile ngome mpaka leo ina wenyewe, watu wanaamka mle, wanaanika nguo mle, wanapika mle. Hicho ndo nnachokitaka, nikakione kwa macho yangu.

Tatizo mama. Ana miaka 66, goti la kulia halimpi raha, ngazi za nyumbani kwetu mpaka ghorofa ya pili anapumzika mara mbili na mkono hautoki kwenye kamba. Kuachwa hotelini hataki, keshasema. Mwenyewe kazi yake kushona kofia, akishakaa barazani na sindano yake hana haja na mtu, ila safari hii anataka kuona.

Wengine wananiambia niache Berat niende Gjirokastër, kuna ngome kubwa zaidi. Zote mbili siziwezi kwa siku tatu. Gari inafika mpaka mlangoni? Chakula vipi? Na viza?

Bint Mtambwe

Waalaykum salaam kaka. Mie nipo huku Uturuki mwaka wa nne na Berat nimekwenda, nilikaa siku mbili, na ningekuwa nakwenda na mamangu nisingefikiria mara mbili, ningempeleka huko huko.

Kwanza viza maana hilo ndo la kuanza nalo kabla hujakata tiketi. Pasipoti yetu inataka viza Albania, unaomba kwenye mtandao wao wenyewe. Albania haimo kwenye Shengeni, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, lakini mwenye viza ya Shengeni ya kuingia mara nyingi na keshaitumia wanamruhusu. Soma kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje sio kwa mtu wa kati, masharti yanabadilika.

Sasa njia. Kutoka Tirana mpaka Berat ni kama kilomita 120, unapanda basi au vile vibasi vidogo wanaviita furgon, ni daladala zetu zile zile, inaondoka ikijaa, mzigo unapakata. Inakushusha stendi iko nje ya mji, hapo unapanda basi la mji mpaka katikati. Ukishafika katikati ndo ukiinua macho unaiona ngome juu na chini yake nyumba nyeupe zimepandana mlimani madirisha yote yanatazama mtoni, wanauita mji wa madirisha elfu. Mto unaitwa Osum.

Hapo sasa nisikilize vizuri kwa ajili ya mama. Kutoka mtaa wa Mangalem kupanda mpaka mlango wa ngome kwa miguu ni njia ya mawe matupu, imesimama, na yale mawe yamesuguliwa na miguu ya watu karne na karne mpaka yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mie nilivaa makubadhi. Nilipofika karibu na mlango mguu ukaniruka nikaanguka na mkono nikachubuka kiganja chote. Bibi mmoja alikuwa kakaa nje ya mlango wake ameanika vitambaa vya kufuma ukutani anauza, akaniita kwa mkono, akanisafisha kwa maji ya kwenye jagi, halafu akaingia ndani akatoka na kahawa kwenye kikombe kidogo kama vyetu vile na kisahani cha tini nzima zilizopikwa kwenye shira, wanaita gliko, inaliwa kwa kijiko na kahawa chungu, kama sie na halua. Hatukuwa na lugha moja. Nilikaa naye saa nzima anafuma mimi natazama.

Kwa hiyo mama asipande kwa miguu. Teksi inapanda kwa barabara ya juu mpaka mlangoni. Na kulala msilale mjini, laleni ndani ya ngome, kuna nyumba za wageni mle mle, hapo goti halitapanda mlima hata mara moja. Ndani bado ni mawe, viatu viwe vya mpira vya kufunga. Na mkongojo kama anao achukue.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, mie ndo katika hao wanaosema Gjirokastër na ntasema tena. Nimefanya kazi ya ubaharia miaka mingi, tulitia nanga Sarandë, na kutoka Sarandë mpaka Gjirokastër ni karibu, asubuhi unakwenda jioni umerudi.

Wewe mtu wa Mji Mkongwe utakwendaje Albania usiuone mji wa mawe mwenziwe? Kule mapaa yenyewe ni mawe, vibapa vya mawe ya kijivu vimepangwa mpaka juu, mvua ikinyesha mji mzima unang'aa. Na ngome imekaa juu ya mgongo wa kilima kama merikebu iliyopanda fungu. Ali Pasha wa Tepelena, mtawala wa eneo lile enzi za Waturuki, ndo aliyeitanua mwanzoni mwa karne ya 19. Ndani unaingia kwenye njia za matao marefu, giza na baridi hata jua likiwa kali, mizinga imepangwa pande mbili. Nje kuna ndege ya jeshi la Marekani iliyotua Albania 1957, serikali ya wakati ule ikasema ni ya ujasusi ikaiweka pale iwe maonyesho, mpaka leo ipo, imebaki gamba. Na gereza, mfalme Zog alifungia watu humo na wakomunisti waliomfuata wakaendelea.

Kitu kilichonishika mie lakini si ngome, ni msikiti wa sokoni chini yake, wa 1757. Enver Hoxha mwenyewe, yule mtawala wa kikomunisti, kazaliwa mji huo, 1908, na yeye ndo 1967 aliyepiga marufuku dini zote nchi nzima, misikiti na makanisa vikafungwa vingi vikabomolewa. Huo wa sokoni uliponea kwa kuwa uliandikwa kumbukumbu ya taifa, wakaufanya pahala pa kufanyia mazoezi watu wa sarakasi, kamba zao zikining'inia kwenye kuba. Mie nimesali rakaa mbili chini ya kuba lile na machozi yalinitoka, sioni haya kulisema.

Ila kuhusu goti ntasema kweli, Gjirokastër ni mji wa kupanda na kushuka, hakuna pahala tambarare. Na kutoka Tirana ni zaidi ya kilomita 200. Kwa siku tatu na mama, bint Mtambwe kasema sawa.

Maalim wa Pujini

Mie sijafika huko, nasomesha historia skuli hapa Pemba, lakini madhali kijana ni mtembezaji nataka nimpe kisa akifanyie kazi, cha ngome nyengine ya Albania, Rozafa, iko Shkodër kaskazini, juu ya kilima pale mito ya Buna na Drin inapokutana.

Wanasimulia kwamba ndugu watatu walikuwa wakijenga ukuta wake, mchana unasimama usiku unaanguka, kila siku hivyo hivyo. Akapita mzee akawaambia ukuta hausimami mpaka azikwe mtu ndani, na awe mmoja wa wake zenu, yule atakayeleta chakula kesho, na msiwaambie kitu. Wakapeana ahadi. Wakubwa wawili usiku ule wakawanong'oneza wake zao, mdogo akanyamaza kwa kuwa ahadi ni ahadi, wao wanaiita besa na wanaiheshimu mpaka leo. Asubuhi mama mkwe akaomba mtu apeleke chakula, wake wawili kila mmoja akatoa udhuru, akaenda mke mdogo, Rozafa, ana mtoto mchanga. Alipoambiwa hakukataa. Akaomba kitu kimoja, wamuachie wazi titi la kulia amnyonyeshe, mkono wa kulia ampapase, na mguu wa kulia asukume susu. Ukuta ukasimama. Kule ngomeni kuna pahala maji meupe ya chokaa yanachuruzika ukutani na wanawake wanaonyonyesha walikuwa wakienda kuyachukua maziwa yapate kushuka.

Nikiwasomea wanafunzi naiweka kando ya kisa cha Mkama Ndume wetu hapa Pujini, mtawala wa zamani mwenye ngome ya karne ya 15, yule aliyewabebesha watu mawe kichwani na kuwaendesha kwa matako chini, na jina lake lenyewe ni mkamua wanaume. Jiwe halikufika ukutani peke yake, kuna mtu kalipa. Kijana, ukisimama mbele ya wageni Ngome Kongwe waulize nani alibeba yale matumbawe kutoka baharini, uone watakavyonyamaza.

Mtoto wa Kiponda

Maalim umenisimamisha nywele, hicho kisa kesho nakitumia. Nahodha shukran kwa ukweli. Mama kasikia habari ya yule bibi wa vitambaa keshaanza kuuliza anatumia sindano gani.

Bint Mtambwe nieleze chakula, na hela, na sala kwa mama.

Bint Mtambwe

Chakula, nchi ina Waislamu wengi lakini usichukulie kila kitu halali, nguruwe inauzwa na raki, pombe yao ile, wanakukaribisha kwa heshima kabisa, ukikataa kwa mkono kifuani wanaelewa. Sie tulikula byrek, ni kama sambusa kubwa ya matabaka, ya mchicha na jibini, asubuhi ya moto kutoka kwenye oveni, na samaki, na saladi. Mama hatakaa na njaa.

Hela yao ni leki. Tahadhari moja, watu wazima wengi bado wanataja bei kwa hesabu ya kizamani, hela ilipunguzwa sifuri moja 1965 lakini ndimi hazikubadilika, ukiambiwa elfu sokoni uliza kwanza huenda ni mia. Kwangu walinionyesha noti yenyewe wala hawakunizidishia. Na kichwa, wengi wao hasa wazee wakitikisa upande huu na huu maana yake ndiyo, na wakiinua juu ni hapana. Nilipoteza teksi kwa hilo.

Sala ni chini mjini, kuna Msikiti wa Mfalme tangu karne ya 15. Juu ngomeni misikiti miwili ilikuwa ya askari wa Kituruki, imebaki magofu, ule Mwekundu umebaki mnara wa matofali. Wenyeji wa ndani walikuwa Wakristo ndo maana makanisa ni mengi mle, moja ni jumba la makumbusho la Onufri, mchoraji wa karne ya 16, ana rangi yake nyekundu watu wanaizungumzia mpaka leo. Kaingie hata kama picha si mambo yako.

Ukili na Uzi

Samahanini nachelewa, mie mshona kofia mwenzake mama. Jamani mbona hakuna aliyetaja Krujë? Nilikwenda na shoga yangu. Ipo karibu na uwanja wa ndege wa Tirana, saa moja haifiki kwa gari, kwa hiyo inaingia siku ya kuondoka. Ngome iko juu ya jabali, ni ya Skanderbeg, shujaa wao wa Albania, aliyerudi kutoka kwa Waturuki 1443 akapigana nao mpaka alipokufa 1468, ngome yenyewe ikaja kuanguka 1478. Lile jumba kubwa utakaloliona ndani lisikuchanganye ukawaambia watu la kale, ni makumbusho ya 1982, kuta za kale na mnara viko pembeni.

Lakini mama simpelekei ngome. Njia ya kwendea ngomeni ni soko la zamani, maduka ya mbao mstari mmoja, na mna mafundi wanatengeneza kofia zao nyeupe, qeleshe. Haishonwi ile. Anachukua sufi ya kondoo, anaichambua, anaimwagia maji ya moto, anaisugua na kuikunja mpaka nyuzi zinashikana zenyewe, halafu anaivika kwenye kalibu ya mbao ikaukie umbo. Nilisimama mpaka mwisho. Mie kofia moja inanichukua mwezi na zaidi tundu kwa tundu, yeye hatumii hata sindano, na ikikauka ni ngumu inasimama kama imetiwa wanga. Nilimpa kofia yangu aishike, akaigeuza ndani nje, akaweka kidole kwenye kila tundu, akamwita mkewe aje aone.

Mama achukue moja aliyoishona mwenyewe.

Mtoto wa Kiponda

Basi imekwisha. Usiku mbili Berat ndani ya ngome, teksi mpaka mlangoni, viatu vya kufunga, siku ya tatu tunaondoka asubuhi mapema tupitie Krujë ndege ni ya usiku. Gjirokastër na Rozafa nitakwenda peke yangu Mungu akinipa uhai, nahodha ntakutafuta kabla sijaenda.

Nimemsomea mama huo ujumbe wa mwisho. Kanyamaza, halafu kaingia chumbani katoka na ile kofia ya marehemu baba ambayo haijawahi kuvaliwa, alikuwa hajaimaliza alipofariki, tundu za juu bado. Kasema mwezi wa sita itakuwa tayari.

Ukili na Uzi

Mwambie nyuzi nnazo, nyeupe na ya maziwa. Nipo Jang'ombe, aje achague.