Mbwa wa nyumbani na dharura: abweke, aite mtu au abonyeze kitufe?

Mtu_wa_Vichochoro: Wakuu habari zenu. Nina mbwa jike wa miaka 3, chotara tu ila msikivu kweli. Mama ana kifafa na mchana anabaki na dogo ambaye saa zote yuko chumbani na hedifoni masikioni, sasa nataka mama akianguka huyu mbwa afanye kitu. Abweke mfululizo, akamwite dogo au abonyeze kitufe cha kengele? Au nimwache tu maana wanasema mbwa anajua mwenyewe?

Kipanga77: Hiyo ya anajua mwenyewe iondoe kichwani mkuu. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walijaribu, wenye mbwa wakajiangusha kama wameshikwa na moyo na pembeni kuna mtu kakaa kabisa, mbwa hawakwenda kumwomba yule mtu msaada. Wakarudia kwa kabati la vitabu kumwangukia mwenye mbwa, yale yale. Mbwa asiyefundishwa anazunguka zunguka tu hapo.

BintiMzee: Kubweka sikushauri. Wa kwangu anabwekea paka, upepo, hata kivuli chake, nani atastuka? Labda kwa mtu anayeishi peke yake. Na dogo mwenyewe ana hedifoni jamani.

Babu_Kamba: Aite mtu. Anza kama mchezo, wewe na dogo kila mmoja na vipande vya nyama, unasema "mwite" halafu dogo anamuita kwa jina, akifika dogo ndiye anampa nyama, sio wewe. Akizoea dogo anyamaze na asitoe kitu mpaka mbwa amguse goti kwa pua. Kisha ongezeni umbali, vyumba viwili, vitatu. Dakika 5 zinatosha, mara mbili tatu kwa siku, akichoka acha.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea, wanaishia kwenye neno "mwite". Mama akishikwa na kifafa atasema saa ngapi? Inabidi kuanguka kwenyewe kuwe ndo amri. Kwa hiyo mama anajilaza chini kwanza, ndo unasema "mwite", siku zikienda unachelewesha neno, mwisho unaliacha kabisa. Mfanyie kila chumba maana mbwa akijulia sebuleni anaweza asielewe jikoni.

Msukule_wa_Usiku: Sisi tulifundisha kitufe, wiki moja akawa fundi 😂 tatizo kila akitaka biskuti anabonyeza, saa nane za usiku nyumba nzima wima. Kosa letu, tulikuwa tunamlipa kila akibonyeza hata kama hakuna aliyelala chini. Na betri nazo zinakufa kimya kimya.

BintiMzee: Kuna wanaofundisha mbwa kuleta dawa pia. Kama ni inhela ya pumu kuwa makini, akiitoboa kwa meno inampelekesha moyo, anaweza kufa. Iwekwe kwenye mfuko wenye mpini wa kung'ata, asiifikie yenyewe.

Mtu_wa_Vichochoro: Asanteni sana. Na ile ya kuhisi kifafa kabla hakijaja inafundishika?

Kipanga77: Wapo mbwa wanaobadilika kabla, wengine wanaanza kung'ang'ania mtu, ila hakuna njia ya uhakika ya kumfundisha kuhisi kifafa. Akionyesha mwenyewe shukuru, usiitegemee. We fundisha cha baada ya kuanguka. Na dogo naye afundishwe, alaze mama kiubavu, asimtie kitu mdomoni, aangalie saa, ikizidi dakika 5 apige simu ya dharura.

Mtu_wa_Vichochoro: Basi naanza na kuita. Shida iliyobaki dogo anafunga mlango wa chumba.

Babu_Kamba: Unafungukia ndani au nje?

Mtu_wa_Vichochoro: Ndani.

Babu_Kamba: Basi asiubane mpaka kitasa kishike, aurudishie tu, mbwa atausukuma kwa pua. Mfundishe mlango peke yake kwanza siku kadhaa ndo uunganishe na mama.