Mwanafunzi kaniuliza: mtu akishapigwa, anarudi tena kwa faida gani?

Mwl_Urambo

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia na Historia sekondari moja huku Urambo. Wiki hii na kidato cha tatu tulikuwa kwenye haki za binadamu, nikawapa mfano wa Fannie Lou Hamer wa Mississippi, yule mama aliyepigania watu weusi wa Marekani wapate kupiga kura. Martin Luther King nimemwacha makusudi. Wamemsikia mpaka wamemchoka, ukimtaja tu darasa zima linakumalizia sentensi.

Nimewaeleza vizuri: mtoto wa mwisho kati ya 20, kazaliwa 1917, kaanza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Kaenda kujiandikisha 1962, akafukuzwa shambani siku ileile. 1963 akapigwa jela mpaka figo ikaharibika. 1964 akasimama mbele ya kamera za televisheni akaeleza yote.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mkulima wa tumbaku, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kafukuzwa, kapigwa, halafu anarudi tena. Anapata faida gani?" Darasa likacheka. Nikamwambia huo ndio ujasiri na kujitolea. Akasema, "Hayo ni majina, mwalimu. Mimi nimeuliza faida." Kengele ikaniokoa.

Ijumaa nina kipindi nao tena. Nisaidieni, ila msinipe maneno ya kwenye mabango.

Kipara_wa_Isevya

Jibu rahisi mwalimu: hakuwa na cha kupoteza. Maskini ni jasiri kwa sababu mikono yake mitupu. Mpe kiwanja Ipuli na bodaboda mbili uone kama atatoka barabarani.

Karani_Mstaafu

Mwangaluka mwalimu. Kipara, nakuheshimu, lakini hapo umeteleza.

Huyo mama alikuwa na cha kupoteza. Tena kwa wenzake alionekana amefika. Shamba lile alikaa miaka 18, na hakuwa mchuma pamba tu, alikuwa karani. Anaandika saa za vibarua, anaandika uzito wa pamba. Karani mwenzangu kabisa. Mimi nimekaa kwenye mizani ya tumbaku ya chama cha msingi misimu kumi na moja (jina la chama naliacha), kwa hiyo hapa naongea ninachokijua.

Wakulima wa kule walikuwa wanalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Mbegu kakukopesha yeye, chakula kakukopesha yeye, nyumba ni yake, na mwisho wa msimu daftari analo yeye. Watoto wa Urambo hawahitaji kuelezwa zaidi. Nani huku hajawahi kumwona baba yake anarudi kutoka malipo ya tumbaku kimya, ameambiwa mkopo wa pembejeo umekula yote na bado anadaiwa?

Sasa sikiliza jambo alilolisimulia mwenyewe baadaye. Mizani ya shamba ilikuwa imechezewa, inampunja mchumaji. Yeye akawa anabeba jiwe lake la mizani, la haki, anakwenda nalo shambani. Mwenye shamba akiwa hayupo, anapimia lile lake. Akimwona anakuja, analitoa.

Mwalimu, simama hapo. Usikimbilie kamera za 1964. Hakuna mkutano hapo, hakuna wimbo, hakuna mwandishi wa habari. Pamba ya mtu mwingine inapanda kilo zake za kweli, na huyo mtu huenda hata hajui kwa nini leo amepata zaidi. Na karani akikamatwa, anayefukuzwa ni karani.

Nitawaambia kwa nini habari hiyo ilininyima usingizi nilipoisikia. Msimu mmoja, miaka ya tisini, mizani yetu ya jukwaa ilikuwa hairudi sifuri. Kabla hujaweka robota, sindano imeshakaa kilo mbili chini. Nilijua. Mwenyekiti alijua. Akaja mama mmoja na marobota matatu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ametoka mbali, kanga imejaa vumbi la njia. Akainama, akaitazama sindano kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hii haijarudi mwanzo?" Nikamjibu, "Ni upepo, mama." Ndani ya ghala! Akatikisa kichwa, akaweka tumbaku yake.

Robota tatu, kilo sita. Nilikuwa na mke, watoto wawili, na nyumba ya kupanga. Kwa hiyo Kipara ukisema maskini hana cha kupoteza, mimi nakwambia nilikuwa na mshahara usiojaa kiganja na niliuogopea kama dhahabu.

Tarehe 31 Agosti 1962 mama Hamer alikuwa na miaka 44. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amehudhuria mkutano kanisani pale Ruleville, ndipo aliposikia mara ya kwanza kwamba mtu mweusi naye ana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Miaka arobaini na kitu hujaambiwa! Wakapanda basi watu 18 kwenda Indianola, makao ya wilaya yao. Kule unapewa mtihani: nakili kifungu cha katiba ya jimbo, halafu ukieleze. Alichopewa kilihusu sheria ambazo hata wakili angejikuna kichwa. Mwenyewe alisema alikijua kifungu kile kama farasi anavyoijua Krismasi. Akafeli.

Wakirudi, polisi wakalisimamisha basi. Kosa la dereva? Rangi. Eti basi ni la njano mno, linafanana na la shule. (Trafiki wetu wana mbinu nyingi ila hii bado hawajaigundua, msiwaambie.) Faini ikaanzia dola 100, ikashuka mpaka 30, abiria wakachangishana. Humo ndani watu wanatetemeka, ndipo yeye akaanzisha nyimbo za kanisani, wakaitikia.

Alipofika nyumbani, mwenye shamba alishapata habari. Akamwambia akafute jina lake au aondoke. Akajibiwa kwamba sikwenda kujiandikisha kwa ajili yako, nilikwenda kwa ajili yangu. Usiku ule akaondoka. Mume wake akabakizwa mpaka avune, la sivyo vitu vyao vinachukuliwa. Tarehe 10 Septemba nyumba ya rafiki zake waliompokea ikapigwa risasi 16 zilizomlenga yeye. Akarudi kwenye mtihani, na Januari 1963 akaambiwa amefaulu. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa bado, onyesha risiti za kodi ya kura za miaka miwili.

Mwambie kijana wako kwamba faida ameiuliza mahali pabaya. Aiulize kwenye mizani kwanza.

Mama_Ujiji

Shikamoo karani. Umeandika mpaka nimeacha dagaa wangu juani bila kuwageuza.

Lakini mimi ni mama, nina swali ambalo nyie wanaume mnaliruka. Watoto wake walikuwa na nani? Maana huku kwetu mwanamke akijitolea kwa jamii, watu wanasema "anajitoa", na kumbe anayejitoa ni yule dada wa kazi na bibi mzaa mama.

Na swali la pili, huko jela ilikuwaje? Mwalimu kapita haraka haraka.

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Wageuze dagaa kwanza.

Watoto wa kuzaa hakuwa nao, na hiyo peke yake ni habari nzito. 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe mdogo, daktari akamtoa kizazi bila kumwambia wala kumwomba ruhusa. Walifanyiwa hivyo wanawake weusi wengi kule, mpaka yeye akaupa upasuaji huo jina la kejeli, akauita upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi. Alilea mabinti wawili wasio wa tumbo lake. Mmoja wao, Dorothy, alifariki 1967 wakihangaika naye kumfikisha hospitali ya Memphis. Akaacha mabinti wawili wadogo, mama Hamer na mumewe wakawachukua wakawalea.

Umeuliza vizuri, na sitakudanganya: waliolipa walikuwa wengi. Mume wake Pap alikosa kazi kwa sababu ya mke. Waliwahi kuletewa bili ya maji ya dola 9,000 kwenye nyumba isiyo na bomba. Mimi kama ningekuwa Pap, sijui. Wanaume wa hivyo hawajengewi sanamu.

Jela ni Winona, tarehe 9 Juni 1963. Walikuwa wanarudi kwenye mafunzo ya uraia (somo lako hilo, mwalimu) yaliyofanyika South Carolina. Basi likasimama, wenzake wakaingia kwenye mgahawa wa stendi, wakakamatwa. Yeye alikuwa amebaki ndani ya basi. Akashuka kuuliza, naye akabebwa.

Akiwa ndani anamsikia mwenzake wa chumba cha jirani akipigwa, wanataka aseme "ndiyo bwana", hasemi. Zamu yake ilipofika, askari wakawaamuru wafungwa wawili, weusi kama yeye, wampige kwa kirungu cha ngozi, amelala kifudifudi. Wa kwanza akapiga mpaka akachoka. Wakamleta wa pili. Mama huyu tangu utoto alikuwa anachechemea kwa polio, akajaribu kuukinga ule upande mbovu. Figo na jicho havikupona tena.

Halafu linakuja jambo ambalo mimi siliwezi. Mke wa mlinzi wa jela na binti yake wakawa wanawapelekea wafungwa maji ya baridi. Akawashukuru. Akamwambia yule mama asome Mithali 26:26 na Matendo 17:26. Ukifungua Biblia yako utaona: moja inasema chuki iliyofichwa kwa hila itafunuliwa mbele ya watu, nyingine inasema mataifa yote ya wanadamu yametoka kwa mmoja. Amevimba mwili mzima, anatoa vifungu! Sijui nicheke au nilie.

Waliompiga walishtakiwa, na Desemba mwaka uleule baraza la wazee wa mahakama, wazungu watupu, likawaachia.

Kipara_wa_Isevya

Nimerudi. Nafuta kauli ya "hana cha kupoteza". Nabaki na moja: kwa nini twende Mississippi na sisi tuko Tabora? Januari 1958 TANU walikaa mkutano mkuu hapahapa mjini, wakakata shauri la kuingia uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ili uwe mpiga kura kulikuwa na masharti ya elimu na kipato. Ule mtihani wa Indianola na masharti yale mama yao mmoja, baba tofauti. Nyerere akasimama kuwaomba wajumbe wakubali kuingia, Zuberi Mtemvu akakataa akaenda kuanzisha chama chake. Na Bibi Titi Mohamed aliyezunguka nchi hii kuwatoa wanawake ndani? Watoto wenu wanamjua?

Mwl_Urambo

Kipara, hilo la 1958 naliweka Ijumaa hiyohiyo, asante. Ila naona tofauti moja. Hapa Tabora walimeza sharti bovu ili wapate mlango, wakashinda Septemba 1958 na Februari 1959. Mama Hamer na wenzake wa Mississippi, Agosti 1964 kule Atlantic City, walidai nafasi za wajumbe weupe wa jimbo lao kwenye mkutano wa chama cha Demokrati, wakapewa viti viwili tu vya ujumbe, wapoe. Akakataa, akasema hatukutoka mbali kote huko kwa ajili ya viti viwili. Nani alikuwa sahihi?

Karani_Mstaafu

Wote. Mwenye daftari tofauti, hesabu tofauti. Ila msisahau Rais Johnson wa Marekani mwenyewe aliitisha waandishi wa habari ghafla wakati mama huyu anatoa ushuhuda kwenye mkutano huohuo, ili kamera zimhame. Zikahama. Jioni vituo vya televisheni vikarudia ushuhuda wake wote, watu wakamsikia wakiwa wametulia nyumbani. Mwanangu aliyeko Dodoma alinitumia sauti yake kwenye simu. Dakika chache tu, hasomi popote. Sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa mwaka uliofuata, na 1968 pale Chicago akaketi kama mjumbe kamili.

Mwalimu, ukitaka faida ya kushikika mkononi, waambie habari ya nguruwe. Mwishoni mwa miaka ya sitini alianzisha benki ya nguruwe: familia inapewa jike, likizaa, wengine wanapelekwa kwa familia nyingine. Ni ileile kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. (Mama Ujiji, kwenu tungeanza na mbuzi.) 1969 akaongeza shamba la ushirika, ekari 40 za kuanzia. Alisema ukiwa na nguruwe uani na mboga bustanini, hakuna wa kukusukumasukuma. Shamba lilikuja kufa kwa madeni na hali ya hewa, naye akafariki Machi 1977 kwa saratani ya matiti, hana akiba. Kaburini kwake wameandika maneno yake. Mimi nayasoma hivi: nimechoka, na kuchoka kwenyewe kumenichosha.

Mama_Ujiji

Hayo maneno nayaandika kwenye mlango wa jiko langu.

Mwl_Urambo

Wakuu, mrejesho. Ijumaa niliwasomea darasani, habari ya mizani yote na ya Winona. Mzee karani, samahani, nilisoma na ya kwako bila jina. Darasa lilinyamaza. Yule kijana wa nyuma akanyoosha mkono tena. Nikajua ananirudia na faida. Akauliza, "Huyo karani, zile kilo sita alizirudisha?"

Nimwambie nini?

Karani_Mstaafu

Mwambie hapana. Na usimfiche kwamba sindano ilikaa vilevile misimu miwili zaidi, mpaka alipokuja mkaguzi wa vipimo. Mimi ndiye niliyemfungulia ghala.