AC ya lori: kuongeza gesi, kukarabati kompresa au kufunga ya mitumba?

Trela_Ahero
Wadau, habari za kazi. Trela ni la 24V, njia yake Kisumu–Malaba. Asubuhi AC inapoza vizuri, ikifika saa saba mchana inatoa upepo wa kawaida tu. Gesi ikiongezwa inakaa miezi michache, kisha tunarudi palepale. Nimeshauriwa mambo matatu: kuongeza tena, kubadilisha sili na klachi ya kompresa iliyopo, au kufunga ya mitumba kutoka Japani. Lipi lina maana?

Fundi_Baridi_Nakuru
La kwanza lifute. R134a, yaani gesi ya AC, haichomwi kama dizeli. Ikipungua, imevuja, na inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa. Ukiongeza gesi bila kujali mafuta, kompresa inasagika polepole na hapo hutakuwa na cha kuchagua.

Funga geji pande zote mbili za mfumo, wa presha ya chini na wa presha ya juu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwenye joto la nyuzi 30, zote zisome karibu psi (kipimo cha presha) 95 hadi 100. Hiyo inakuambia gesi ipo, haikuambii ni kiasi gani. Sasa washa, shikilia mizunguko 1,500 kwa dakika, feni ya kabini juu kabisa. Mchana wa Kisumu tarajia upande wa chini psi 30–45 na wa juu 200–260. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukishuka, kompresa haisukumi. Hiyo ndiyo pekee inayokupeleka moja kwa moja kununua nyingine. Upande wa chini ukielekea sifuri, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) au valvu ya upanuzi (inayopunguza presha ya gesi kabla ya kuingia kabini) imeziba. Zote zikiwa juu, kondensa (rejeta ya AC) haipozi, gesi imezidi, au kuna hewa ndani.

Umeme24V
Naongezea hapo kwenye mchana. AC ikikata, pima volti kwenye plagi ya klachi (sumaku ya umeme inayounganisha puli na kompresa) saa hiyohiyo, si baadaye ikishapoa. Kama volti zipo, pungufu ya betri kwa chini ya volti 1, na klachi haishiki, tatizo ni klachi yenyewe. Koili ikipata joto inapoteza nguvu, na pengo kati ya sahani ya klachi na puli likiwa limepanuka kwa kuchakaa haiwezi kuvuta sahani. Pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo): kompresa nyingi za Sanden zinataka milimita 0.4 hadi 0.8. Likizidi, fungua nati ya mbele, toa shimu (pete nyembamba ya kurekebisha pengo) moja, rudisha. Gesi haiguswi kabisa. Wengi wameuziwa kompresa nzima kwa sababu ya shimu.

Kama volti hazipo, rudi nyuma: swichi ya presha, rilei, fyuzi. Ila usiunganishe swichi ya presha moja kwa moja "kujaribu" ukasahau; ndiyo inayozuia paipu kupasuka.

Dereva_Malaba
Na kondensa je? Njia hiyo ina vumbi la miwa, na Kisumu vijidudu vya ziwani vinaganda kwenye mapezi. Mwaga maji juu ya kondensa wakati AC inasumbua. Baridi ikirudi na geji ya juu ikashuka, osha kondensa na uangalie feni kabla ya kununua chochote. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, bila presha kubwa, mapezi yasilale.

Trela_Ahero
Asanteni. Na kompresa ya mitumba, ni salama?

Umeme24V
Ukiikagua, ndiyo. Zungusha kwa mkono, isiwe na mahali inapokwama. Mafuta yakitoka meusi au yenye chembe za chuma, iache dukani. Hakikisha koili ni ya 24V na mifereji ya puli inalingana na mkanda wako.

Fundi_Baridi_Nakuru
Hapo siafikiani nawe, mkubwa. Kompresa iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuzunguka, sili ya shafti hukauka. Inapoza wiki chache kisha inavuja palepale mbele. Kama iliyopo inasukuma vizuri na uvujaji uko kwenye sili au oringi, karabati. Kama haisukumi, nunua mpya.

Tafuta uvujaji kwa naitrojeni ya psi 150 na povu la sabuni: sili ya shafti, viungo vya paipu, vifuniko vya valvu za kujazia. Usitumie oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta inalipuka. Badilisha draya kila mfumo unapofunguliwa. Vuta vakyumu dakika 30 hadi 45, funga valvu, subiri uone kama sindano inarudi. Jambo moja linalowachanganya watu wa huku juu: Nakuru iko karibu mita 1,850, kwa hiyo geji ya kawaida haiwezi kufika inchi 29 za zebaki (kipimo cha vakyumu). Ikigota karibu 24 hapo ndipo mwisho wake. Kisumu ni kama 26. Usimlaumu fundi wala pampu.

Gesi jaza kwa mizani kulingana na kibandiko cha lori, si mpaka paipu itoe jasho.

Trela_Ahero
Mafuta yatiwe kiasi gani?

Fundi_Baridi_Nakuru
Mwaga ya kompresa ya zamani kwenye kikombe chenye vipimo, weka kiasi hichohicho katika mpya baada ya kumwaga iliyokuja nayo. Aina soma kwenye kibao chake. PAG 46 na PAG 100, mafuta ya kompresa ya uzito tofauti, hayabadilishani. Ukishafunga, zungusha kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha AC, mafuta yaliyojikusanya kwenye silinda yasije yakavunja valvu.