Kampuni ya magari ya kukodi Alice Springs imetutoza fedha kwa kuitazama Uluru jua likizama

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu yaliyoifika familia yangu katikati ya Australia yanaweza kuifika familia yoyote humu inayopanga kwenda likizo kule, iwe inatokea Perth, Melbourne au Dar es Salaam. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa malalamiko yangu rasmi bado hayajaamuliwa, lakini masharti ninayoyaeleza nimeyakuta pia katika mikataba ya wengine wanaokodisha magari eneo lile, kwa hiyo msidhani kwamba mkikwepa kampuni moja mmesalimika.

Mimi na mume wangu tunaishi Adelaide na watoto wetu wawili. Wazazi wangu walikuja kututembelea kutoka Tanga, na safari hii tuliipanga kwa ajili ya baba, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyewafundisha wanafunzi wake kwa miaka mingi kuhusu jabali la Uluru, ambalo vitabu vya wakati ule vililiita Ayers Rock, bila yeye mwenyewe kuwahi kulitia machoni. Kutoka Adelaide hadi Alice Springs kwa barabara ni takriban kilomita 1,500, umbali ambao wazee wasingeustahimili, hivyo tukaamua kwenda kwa ndege hadi Alice Springs, kuchukua gari la viti saba pale uwanjani, kuendesha wenyewe hadi Uluru, kupitia korongo la Kings Canyon, na kurejea tulikoanzia. Huo ndio mzunguko wa familia nyingi zinazofika huko, na picha iliyopamba tovuti ya kampuni ilikuwa hiyohiyo: gari jeupe, udongo mwekundu, na jabali nyuma yake.

Nilipoagiza gari niliona bei, nikaona aina ya bima, nikalipa. Katika kurasa zote nilizopitia kabla ya kulipa, hapakuwa na neno lolote juu ya kikomo cha kilomita. Nilikisikia kwa mara ya kwanza kaunta, tukiwa tumeshashuka kwenye ndege, wazee wamesimama na mizigo miguuni, na watoto wameanza kulia kwa uchovu: kilomita 100 kwa siku, na kila kilomita inayozidi inalipiwa senti 30. Nilipoomba kununua kilomita zaidi, binti wa kaunta alinijibu kwamba huduma hiyo hupatikana wakati wa kuagiza tu. Nilimuuliza ningeinunuaje wakati wa kuagiza ilhali sikuambiwa kwamba kuna kikomo. Alinisogezea karatasi na kalamu.

Nawaomba mlipime jambo hili kwa ramani. Kutoka Alice Springs hadi Yulara, mji mdogo wa wageni ulio jirani na Uluru, ni kama kilomita 450; unashuka kusini kwa Stuart Highway kilomita 200 hadi Erldunda, kisha unakata kulia na kufuata Lasseter Highway kwa kilomita nyingine takriban 250. Kwenda tu, bila kurudi, kunakula mgawo wa siku nne na nusu. Kutoka Yulara hadi Kings Canyon ni kama kilomita 300 zaidi, na kutoka hapo kurudi Alice Springs kwa barabara ya lami ni zaidi ya 450. Ipo njia ya mkato ya Mereenie, lakini sehemu yake kubwa ni ya vumbi na mawe, na mkataba uleule unakataza gari kukanyaga barabara isiyo na lami. Kwa maneno mengine, njia fupi imekatazwa na njia ndefu inatozwa. Kilomita 100 kutoka Alice Springs kuelekea kusini zinakufikisha nusu tu ya safari ya kwenda Erldunda. Aliyepanga kikomo hicho anaijua ramani hii kuliko mimi, na alijua kwa hakika kwamba kila mteja anayekodi gari pale kwa ajili ya Uluru atakivuka. Fedha ambayo kila mteja lazima ailipe ni sehemu ya bei, na kuiondoa kwenye bei inayotangazwa ni kumdanganya mnunuzi.

Yapo pia ya kiti cha mtoto, nitayaeleza kwa ufupi ingawa siku ile yalinichoma zaidi ya yote. Sheria za barabarani za Australia zinataka mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka minne akae kwenye kiti chenye mikanda yake ya ndani, na kiti chenyewe kiwe na alama ya viwango vya Australia na New Zealand. Nilikuwa nimeagiza na kulipia kiti cha namna hiyo kwa ajili ya mdogo wetu wa miaka mitatu. Tukaletewa kiti cha kuinulia tu, kisicho na mikanda, ambacho kwa umri wake si halali, na tukaambiwa kwamba vingine vimeisha. Mume wangu alikataa kuondoka. Baada ya saa nzima na zaidi, kiti kikapatikana katika chumba cha nyuma.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Katika ukurasa wa mwisho wa mkataba kuna kifungu kinachosema gari haliruhusiwi kuendeshwa nje ya mipaka ya mji tangu jua kuzama hadi jua kuchomoza, na kwamba anayekiuka anapoteza kinga yote ya bima. Sababu ya sharti hilo naielewa na naiheshimu. Kangaruu hutoka kwa wingi alfajiri na magharibi, mashamba mengi ya mifugo kule hayana uzio kando ya barabara, na wapo ngamia wa porini, vizazi vya wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo jangwani. Kumgonga ngamia au ng'ombe kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa ni kifo. Sisi tunaotoka Tanzania tunaijua barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi na tumezoea kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, wala hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo. Tofauti ni kwamba Mikumi faini za kugonga wanyama zimetangazwa wazi, dereva anazijua kabla hajadaiwa.

Tazameni sharti hilo linavyofanya kazi Uluru. Ndani ya hifadhi ya taifa yenye jabali hilo hakuna mahali pa kulala. Malazi yote ya wageni yako Yulara, nje ya lango. Hifadhi yenyewe imetenga eneo maalumu la kuegesha magari ili watu watazame jabali likibadilika rangi jua linapozama, na eneo jingine, Talinguru Nyakunytjaku, kwa ajili ya macheo. Lango hufunguliwa kabla ya mapambazuko na kufungwa baada ya jua kuzama, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo wageni wanazifuata kutoka pembe zote za dunia. Mtu akishatazama jua likizama hana njia nyingine isipokuwa kurudi Yulara gizagiza likiingia, kilomita zaidi ya kumi za lami safi, katika msururu wa magari yanayokwenda polepole, mengi yao ya kukodi. Kwa mujibu wa mkataba wetu, kila familia iliyokodi gari kwa masharti hayo na kuegesha pale jioni hiyo ilipoteza bima yake kwa kufanya jambo lile lile ambalo kampuni inalitangaza kwa picha kwenye tovuti yake.

Baba alisimama pale kimya tangu jabali likiwa la rangi ya kutu hadi lilipogeuka zambarau. Mwongozaji aliyekuwa karibu alimweleza kwamba ardhi ile ilirejeshwa kwa wenyewe, Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, tarehe 26 Oktoba 1985, na kwamba kupanda jabali kulikomeshwa kabisa tarehe kama hiyo mwaka 2019, naye baba akamuuliza maswali mengi mno, kama kawaida yake. Sitakubali mtu aniambie kwamba saa ile ilikuwa uvunjaji wa mkataba.

Siku tulipokuwa tunarudi, mchana kweupe, jua liko utosini, lori la mizigo lenye matela matatu lilipishana nasi kwenye Stuart Highway na kurusha jiwe lililotia ufa kwenye kioo cha mbele. Malori hayo huruhusiwa kufikia urefu wa mita 53.5, na yakipita ni upepo na mawe. Kila dereva wa kule anajua kwamba vioo na matairi ndivyo vinavyoumia kwanza. Ndiyo maana nilikuwa nimelipa fedha ya ziada, kwa kila siku ya safari, kwa kinga ya vioo na matairi. Tuliporudisha gari tulionesha ufa, tukajaza fomu, tukapanda ndege.

Wiki mbili baadaye nikaona kwenye kadi yangu kwamba wamekata gharama yote ya kioo kipya, gharama za kushughulikia faili, fedha za kilomita zilizozidi, na dhamana waliyoizuia tangu mwanzo hawajairudisha. Nilipoandika kuuliza kinga niliyoilipia imekwenda wapi, nikajibiwa kwamba kifaa cha kufuatilia gari kimeonesha lilitembea nje ya mji baada ya jua kuzama, karibu na Uluru, na hivyo kinga ilikufa kuanzia saa hiyo hadi mwisho wa mkataba. Yaani jiwe la saa sita mchana, mamia ya kilomita kutoka pale, linahukumiwa kwa mwendo wa polepole wa jioni nyingine ambao haukudhuru gari, mnyama wala mtu. Nikauliza wao wangeshauri nini mteja anayetaka kuona jua likizama afanye. Jibu likaja kwa sentensi moja: yapo mabasi ya watalii.

Mabasi yapo, ni kweli. Kwa nini basi watu sita waliokwisha kulipia gari la viti saba walipe tena nauli sita za basi kwa mwendo wa dakika ishirini, na kwa nini ushauri huo usitolewe siku ya kuuza gari?

Ninailinganisha kampuni hii na hifadhi yenyewe. Hifadhi ilitutoza dola 38 kwa kila mtu mzima kwa siku tatu, watoto bure, na bei hiyo niliisoma nikiwa nyumbani kabla hata sijanunua tiketi za ndege. Kings Canyon nako tulijulishwa mapema kwamba siku za joto la kufikia nyuzi 36 ni lazima kuanza kupanda njia ya ukingoni kabla ya saa tatu asubuhi, kwa usalama wetu. Hayo ni masharti makali pia, lakini yanasemwa mbele, kwa herufi kubwa, na hayamgeuzi mgeni kuwa mkosaji kwa kuja kutazama kilichomleta.

Sheria ya Walaji ya Australia inakataza mwenendo wa kupotosha wateja na inataka bei itangazwe kwa ukamilifu wake. Pia inabatilisha masharti yasiyo ya haki katika mikataba ambayo mteja huipokea ikiwa imekwishaandikwa, na tangu tarehe 9 Novemba 2023 kuyaweka tu masharti ya namna hiyo kwenye mkataba kunaweza kuadhibiwa kwa faini kubwa. Tume ya Ushindani na Walaji, ile ACCC, hupokea taarifa lakini haiamui mgogoro wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeiandikia taarifa tu. Malalamiko yenyewe nimeyapeleka kwenye ofisi ya walaji ya Northern Territory, jimbo lenye Alice Springs na Uluru, na kule nikishindwa nitakwenda kwenye baraza la madai madogo la jimbo hilo. Nimepinga pia makato hayo kupitia benki yangu.

Ninachodai ni kioo kilipiwe na kinga niliyoinunua, dhamana irudi, na fedha za kilomita zirudishwe zote kwa kuwa kikomo hakikutajwa kabla ya malipo. Zaidi ya hapo, nataka kikomo hicho kiandikwe kando ya bei kwenye ukurasa wa kwanza, na barabara kati ya Yulara na Uluru iondolewe kwenye marufuku ya usiku.

Wale mliowahi kukodi gari Alice Springs, Darwin, Broome au mahali pengine pa mbali na mkatozwa kwa namna hii, tafadhali andikeni hapa chini mwaka mliosafiri, kikomo cha kilomita mlichopewa, na kama mlijulishwa kabla ya kulipa au baada. Mwenye nakala ya ukurasa wa kuagizia gari, hata kama ni picha ya simu, anitumie kwa ujumbe binafsi baada ya kufuta majina na namba zake. Ofisi ya walaji imenitaka niongeze vielelezo, na mkataba mmoja ni rahisi kuuita bahati mbaya.