Muuza umeme anatutaka tutumie kidogo. Yeye anapata nini?

MamaBarafu_Kibirizi: Wakuu, habari za mchana. Nauza barafu na migebuka hapa Kibirizi, friza mbili, mita moja ya LUKU, ile ya kulipia kabla. Kila mara redioni tunahimizwa kubana matumizi ya umeme, hasa jioni. Mimi mteja akija simwambii anunue nusu. Sasa muuza umeme anafaidika nini nikizima? Na nikizima friza, samaki watapona? Naombeni majibu ya kina, hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Fundi_Gungu: Dada, umeme hauwekwi ghalani kama dagaa wakavu. Giza likiingia mji mzima unawasha taa, tivii na pasi kwa mpigo, na lazima iwepo mitambo ya kubeba mzigo huo wa saa chache, hata kama usiku wa manane mingine inakaa bure. Transfoma nazo huelemewa saa hizohizo. Halafu sisi Kigoma tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Uniti ya dizeli ilikuwa inazalishwa kwa gharama kubwa kuliko bei tuliyouziwa! Ukipunguza uniti wakati huo, ulikuwa unampunguzia hasara.

Friza iliyojaa barafu, mlango usipofunguliwa, haiyeyuki kwa kuzimwa saa moja mpaka saa nne usiku. Ila usitegemee LUKU ishuke kwa hilo: friza itanguruma zaidi baadaye, na bei yetu ni ileile mchana na usiku. Hapo unausaidia mji. Cha kuusaidia mfuko wako ni mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, uivute. Ikitoka kirahisi, baridi inavuja. Barafu ikiganda nene ukutani, yeyusha.

Mjukuu_wa_Ujiji: Naongezea, mama. Kama unalala hapohapo dukani, omba mita ya nyumbani iwe peke yake. Tarifu 4, bei ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, ni shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi; ukizidisha, kila ya ziada ni 350. Tarifu 1, ya matumizi ya kawaida na biashara ndogo, ni 292. Zote ni kabla ya kodi. Friza zako zinaiburuza nyumba nzima kwenye hiyo Tarifu 1.

MamaBarafu_Kibirizi: Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimejaribu noti sasa hivi. Friza mpya imeng'ang'ania, ile kuukuu imeachia kona ya chini kushoto. Fundi, mpira wake unapatikana Mwanga sokoni, au niagize?