Siku tano za Marangu: zifutwe au zibaki?

Wakuu, habari za leo. Naleta jambo ambalo sisi tunaofanya kazi Kilimanjaro tunalizungumza kila tukikaa jikoni kwenye kituo cha Horombo, lakini tukishuka getini linaishia hapo. Safari ya siku tano kwa njia ya Marangu, ile ya kwenda hadi kileleni: iendelee kuuzwa au ipigwe marufuku?

Mimi ni msaidizi wa kiongozi wa msafara, mwaka wa tisa huu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ifutwe, na siku ya sita inayoongezwa katikati, ile ya kuuzoesha mwili hewa ya juu pale Horombo, isitozwe ada ya hifadhi hata senti moja.

Kwa asiyeijua njia: unaanzia geti la Marangu, karibu mita 1,900. Siku ya kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu unavuka lile tambarare kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, unalala kibanda cha Kibo, mita 4,700 na kidogo. Kulala kwenyewe ni jina tu, maana kabla ya saa sita usiku unaamshwa kuanza kupanda kwenda Uhuru, mita 5,895. Alfajiri ukifika, unageuza siku hiyo hiyo hadi Horombo, na kesho yake getini.

Sasa hesabu. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upewe siku ya kupumzika. Sisi tunampandisha mtu mita 1,000 kila siku, bila kituo, halafu tunampeleka usiku mahali ambapo hewa ya oksijeni ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam.

Mwaka juzi tulikuwa na kijana wa Kitanzania, mwajiriwa, alijichanga miezi mingi. Aliyemuuzia safari alimwambia siku tano zinatosha, wewe kijana bado una nguvu. Tulipofika pango la Hans Meyer, saa tisa usiku, nikamwona anahangaika na glavu. Anaivaa ya kulia mkono wa kushoto, anaivua, anairudisha kule kule. Nikamwomba atembee hatua sita mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya pili akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Ugonjwa wa kimo ulishampata, kichwa kilikuwa kimeanza kujaa maji. Hakutaka kurudi. Alilia, akaniambia, "Kaka, nimebakiza kidogo tu." Tulimshusha watu wanne, tukamlaza kwenye machela ya gurudumu moja pale Kibo, tukakimbia naye. Karibu na Horombo akauliza kama chai ipo. Mlima una dawa moja tu ya uhakika, kushuka, na tuliiwahi. Naijua misafara ambayo haikuiwahi.

Kwa nini watu wananunua siku tano? Ada inahesabiwa kwa siku. Mgeni analipa dola 70 za hifadhi kila siku kabla ya VAT, na dola 60 za kibanda kila usiku. Siku moja ukiipunguza, bei inashuka mara moja, na anayelinganisha bei anaona tofauti hiyo kabla ya kitu kingine. Maana yake utaratibu wetu wenyewe unampa mtu punguzo kwa kupanda haraka. Hilo ndilo linaloniuma. Karibuni.

Mwenye kampuni ndogo, Moshi:

Mleta mada, kwa kijana yule pole, na nyie mlifanya kazi ya kiume. Ila nakupinga. Mteja wa siku tano ndiye mteja wangu mimi. Hawa wa siku nane za njia ya Lemosho wanakwenda kwenye makampuni makubwa yenye ofisi Ulaya. Ukifuta siku tano, kampuni kubwa haitaguswa. Nitafunga mimi na wapagazi wangu.

Halafu kuna jambo hukuligusa. Horombo ndicho kituo chenye msongamano kuliko vyote njia ile, kwa sababu kinapokea wanaopanda na wanaoshuka usiku mmoja. Ukilazimisha kila mtu alale pale usiku wa ziada, utawaweka wapi? Na ada isipotozwa, nani ataziba pengo? Kilimanjaro na Serengeti ndizo zinazobeba hifadhi nyingi za nchi hii ambazo hazijajitosheleza. Askari wa wanyamapori aliyeko Katavi analipwa na mguu wa mzungu anayepanda Marangu.

Mpagazi, njia ya Marangu na Rongai:

Nampongeza aliyeanzisha, lakini nanyi viongozi mtusikilize sisi wagumu, yaani wapagazi. Kila mkizungumzia siku za ziada mnazungumzia kifua cha mteja. Kibo hakuna maji. Ya mwisho tunayachota njiani, ukishaiacha Horombo, na kutoka pale ni kichwani hadi kibandani, juu ya ule mzigo wa kilo 20 uliopimwa getini. Msafara wa siku tano unamaanisha mimi pia nimepanda mita 1,000 kila siku, na kichwa kinaniuma kama cha mteja, ila hakuna anayenipima oksijeni kidoleni.

Siku ya mapumziko Horombo kwetu ni neema. Lakini iandikwe kwamba ni siku ya kazi. Nimewahi kufanya kazi na mtu akailipa nusu, akisema "jana hamkubeba kitu". Tulipika, tuliosha, tulichota maji, tulilala baridini. Kama hifadhi itasamehe ada, isamehe kwa sharti kwamba mshahara wa siku ile unalipwa kamili.

Kiongozi mstaafu, Marangu:

Wanangu, nimewasoma wote. Marufuku ya jumla mimi naiogopa kidogo. Wapo watu wanaotoka kupanda mlima Meru, kule Arusha. Mtu aliyelala kibanda cha Miriakamba na kibanda cha Saddle, akafika juu mita 4,562, akapumzika siku moja Arusha kisha akaja Marangu, damu yake imeshajifunza. Huyo siku tano anaziweza, na nimewapandisha wengi wa namna hiyo wakifika wakicheka. Kwa hiyo sheria iseme hivi: siku tano kwa mwenye cheti cha Meru cha wiki hiyo hiyo, wengine wote sita.

Na ule usiku wenyewe tuache kuuharakisha. Tunatoka usiku kwa sababu changarawe ya Kibo ikiwa imeganda unakanyaga pagumu, na jua likipanda unapiga hatua mbili unarudi moja. Sawa. Lakini siku hizi naona vijana wanavuta wageni ili wawahi kupiga picha kwenye ubao wa kileleni. Mzee Yohani Lauwo, anayesimuliwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Purtscheller, wazungu wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889, alikuwa mtu wa hapa kwetu. Tuliookota kazi hii kwa wazee wa kizazi chake tulifundishwa pole pole kabla ya kufundishwa njia.

Mwalimu wa sekondari, Singida:

Mimi ni mteja, si mtu wa mlimani. Tunajiandaa watumishi kumi na wawili kupanda Desemba, tufike kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru, pale ulipowekwa Mwenge mwaka 1961. Tumepewa bei mbili, siku tano na siku sita, na kikundi kimegawanyika katikati. Sisi ada za hifadhi tunalipa kwa shilingi, nafuu kubwa kuliko mgeni, kwa hiyo kinachotubana zaidi ni ruhusa kazini na posho ya msafara. Siku moja ni fedha kwetu. Mleta mada, marufuku yako ikipita, wa kwanza kubaki nyumbani watakuwa Watanzania.

Mleta mada:

Nashukuru kwa michango. Mzee wa Marangu, la Meru nalikubali moja kwa moja, na nilikosea kuliacha. Ndugu mpagazi, la mshahara wa siku ile naliingiza kwenye hoja yangu kuanzia leo. Aliyesema hamkubeba kitu hajawahi kuamka saa kumi alfajiri Horombo kuwasha jiko.

Ndugu yangu wa kampuni ndogo, nafasi Horombo ni kikwazo cha kweli. Lakini tazama: unashindana kwa bei na jirani yako anayeuza siku tano, nawe unalazimika kuuza tano hata kama moyoni unajua. Sheria ikiwa moja kwa wote, hakuna atakayekupiga bei kwa kukata siku. Kuhusu mapato, nasema siku moja tu isitozwe, ya njia moja, ya kituo kimoja. Vitanda viongezwe kabla ya sheria kuanza. Na kama hilo litachukua muda, kwa sasa mauzo ya siku tano yaandikwe wazi kwenye mkataba kwamba mwisho wake ni kibanda cha Kibo. Anayetaka kwenda juu zaidi aongeze siku.

Mwalimu, hoja yako ndiyo iliyonikalisha. Yule kijana niliyemshusha alikuwa mtumishi kama wewe, na aliikosa siku ya sita kwa sababu hiyo hiyo ya ruhusa na posho. Ndiyo maana nataka gharama yake ipunguzwe kwanza. Kwa Desemba yenu, kama mnaweza kupunguza kitu kingine, punguzeni magari ya kukodi, punguzeni fulana za kikundi, lakini nunueni sita. Na siku ile ya Horombo msishinde vitandani. Pandeni taratibu hadi miamba ya Zebra Rocks, mkae juu nusu saa mkinywa maji, kisha mshuke kula. Atakayeamka asubuhi yake bado anaumwa kichwa, amwambie kiongozi wake kabla ya kufunga begi.